Siku Msichana Wetu Alipoandikwa Mgeni

Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Isiolo tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuwafundisha watoto lilikuwa sentensi sahihi kabisa. Nitafika hapo. Kwanza niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana hadithi hii inanisuta mahali pengi na sitaki ionekane kama naficha.

Mimi naheshimu vyeti. Ukuta wa sebule yangu umejaa, kuanzia changu cha ualimu, chenye picha yangu nikiwa mwembamba, hadi cha kidato cha nne cha binti wa marehemu kaka yangu. Mgeni akija na shahada nampa kiti chenye mto. Asiye nayo anakaa popote atakapopata, na chai anapewa vilevile, lakini kiti chenye mto hapewi. Mama yangu, ambaye hajakanyaga darasa maishani, alikuwa akikaa kwenye mkeka akiniangalia nikipanga watu hivyo, kisha anageuza uso.

Huyo binti wa kaka yangu nimemlea mimi tangu darasa la pili. Ananiita eedo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita shangazi. Mwaka ninaouzungumzia alikuwa ametimiza miaka kumi na minane na chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi. Barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi aje na kitambulisho siku ya kujiandikisha, na asiye nacho nafasi yake apewe mwingine. Aliisoma barua ile mpaka mikunjo ikaanza kuchanika, nikaibandika nailoni.

Kwa Wakenya wengi kitambulisho ni jambo la foleni na picha. Kwa watu wa kwetu wakati ule kulikuwa na hatua moja zaidi. Magazetini waliiita kupigwa msasa, na sisi tuliiita vetting, lakini neno la magazeti lilikuwa la kweli zaidi. Ulikaa mbele ya meza, ukaulizwa baba wa baba yako alizaliwa wapi, akanywesha ngamia wake kisima gani, nani anakujua, ukasuguliwa hivyo mpaka rangi ya chini ionekane. Mimi nilisuguliwa, kaka yangu alisuguliwa. Tulitoka salama, kwa hiyo sikuwa na hofu. Nilimpigia pasi nguo, nikampa nakala ya kitambulisho changu na cha marehemu baba yake, nikamwambia aende na adabu zake zote.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Karatasi aliyoishika ilikuwa na maandishi ya kalamu juu yake: MGENI. ALETE USHAHIDI ZAIDI.

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Sikumbuki vizuri nilisema nini, ila majirani walikumbuka, na walinikumbusha kwa muda mrefu. Nililaani ile meza na waliokaa nyuma yake. Nilisema ni chuki, ni wivu, ni siasa. Msichana alikuwa analia kwenye kona ya kitanda na mimi, badala ya kumuuliza kilichotokea, nilikuwa nazunguka chumba nikihutubia sufuria.

Mama alingoja nimalize. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Babu yenu angeona haya," akasema, "angesema dunia imepinduka."

Babu, baba wa baba yangu, alikuwa askari wa Wazungu. Alipigana vita vyao, na alipomaliza wakamweka hapa Isiolo pamoja na wenzake, wakapewa ruhusa ya kufuga na kuchuuza. Hayo nilikuwa nayajua. Mama aliniambia nisilolijua, alivyolisikia kwa baba mkwe wake mwenyewe. Wakati Waafrika walipolazimishwa kuvaa kipande shingoni, kile kikaratasi ndani ya kikopo cha bati, babu na wenzake walikataa. Waliandikiwa barua na mtu mjuzi wa Kiingereza, wakasema wao si wenyeji wa nchi hii, asili yao ni ng'ambo ya bahari, waandikwe pamoja na Waasia. Walishinda kwa muda. Babu alizeeka akijivunia kwamba hajawahi kuvaa kipande.

"Alijiita mgeni ili aheshimiwe," Mama akasema. "Sasa kitukuu chake analilia kipande."

Nilimwambia Mama hayo asiyatoe nje ya nyumba. Niliona aibu, nakiri. Hivi mtu utamwelezaje mwenye meza kwamba babu yako mwenyewe alikwishamwandikia jibu?

Majuma machache baadaye ndipo mikutano ya siasa ilipoanza, na wazee wa Burat, wadi yetu, wakaniomba nisimamie kikao cha maswali kwa watu wawili waliotaka uwakilishi wa wadi. Walinichagua kwa sababu nusu ya ukumbi ningeweza kuwaambia wanyamaze na wakanyamaza, maana niliwafundisha. Kikao kilikuwa katika darasa la shule, saa nne asubuhi. Wanawake wa mashamba ya vitunguu walikuja na tope kwenye viatu, wazee Waborana wakakaa upande wa dirisha, vijana wa bodaboda wakajaza mlango. Nilikwenda na msichana wetu, nikamkalisha mstari wa kwanza, karatasi yake ndani ya bahasha.

Mgombea wa kwanza tulimwita Msomi. Alikuwa na shahada mbili na alikuwa amefundisha chuoni Nairobi. Suti yake ilikuwa imenyooka ingawa barabara ya Burat haijawahi kumsamehe mtu. Aliniamkia, "Salaam aleikum, Mwalimu wangu," ingawa sikuwahi kumfundisha hata herufi. Moyoni nilikuwa nimeshampa kiti chenye mto.

Wa pili alijiita mwenyewe Taniboi, na ndilo jina lililokuwa kwenye mabango yake. Huyo nilimfundisha. Aliacha shule darasa la saba, na siku ya mwisho nilimwambia mbele ya wenzake kwamba atakula vumbi la malori maisha yake yote. Akawa taniboi kweli, akining'inia nyuma ya lori la ng'ombe kwenda Nairobi na kurudi, halafu dereva, halafu mwenye malori. Kila mkutano alianza kwa kunishukuru. "Mwalimu alinitabiria," alikuwa akisema, na watu wakicheka, nami nikitazama pembeni. Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Niliuliza swali moja kwa wote wawili, na sikuwa nimeomba ruhusa kwa mtu. Niliinua ile karatasi. Nikasema huyu ni binti yangu, amezaliwa hospitali ya hapa, chuo kinamsubiri, na ameandikwa mgeni. Ninyi mnaotaka kura zetu, mnasemaje kuhusu wageni na wenyeji, na mtafanya nini?

Msomi alisimama. Alisema vizuri, na sitamnyima haki yake. Alisema mpaka wa kaskazini umelegea, watu wanavuka na kununua vyeti, na nchi isiyojua watu wake haiwezi kuwahudumia. Angetetea msasa ubaki, ila uwe wa haraka. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Kwa heshima, Mwalimu, historia ina upande wake. Jamii yako yenyewe iliwahi kuiomba serikali ya kikoloni isiwaandike wenyeji. Mashaka haya hayakubuniwa jana."

Sentensi zake hazikuwa na kosa hata moja, kila kiambishi kilikaa mahali pake, na kama ingekuwa insha ningempa alama zote. Nilikuwa nimemkataza Mama kulitoa nje ya nyumba, na sasa limesemwa mbele ya watu wa vitunguu na wa bodaboda, tena na mtu niliyemwandalia kiti. Na lilikuwa kweli.

Nikampa Taniboi nafasi kwa kumwashiria.

Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mstari wa kwanza, akachuchumaa mbele ya msichana wetu.

"Dadangu, pole. Sasa niambie. Walikuuliza nini? Ile maneno yenyewe."

Msichana akanitazama. Nikainamisha kichwa kumruhusu.

"Waliniuliza kama mimi ni mgeni."

"Wewe ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

Watu wakaguna. Mimi nikashika meza.

"Kwa nini ukasema ndiyo?" Taniboi akauliza, polepole.

"Mama mmoja mbele yangu alikuwa amerudi mara ya tano. Yule mtu akamwambia, wewe si mgeni hapa, unajua pa kukaa. Halafu akaniuliza mimi, wewe ni mgeni? Nikajua anauliza kama ni mara yangu ya kwanza kwa hiyo ofisi. Nikasema, ndiyo, samahani, mimi ni mgeni hapa. Eedo alinifundisha nikiingia mahali sipajui niseme hivyo."

Ni kweli nilimfundisha. Niliwafundisha wote, miaka yote. Ilikuwa ubaoni kwangu chini ya kichwa cha adabu: Samahani, mimi ni mgeni hapa. Tuliirudia darasa zima kwa pamoja. Hata Taniboi aliirudia akiwa na miaka kumi.

Akainuka na kuwageukia watu.

"Hii neno najua," akasema. "Mara ya kwanza nimefika Mombasa na lori, askari kwa barabara aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia vile Mwalimu alitufunza. Samahani afande, mimi ni mgeni hapa. Nililala ndani siku mbili. Walikuwa wanatafuta mtu wa kunitafsiria."

Hapo darasa likapasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, huku machozi yakinitoka, maana kwa majuma yote yale nilikuwa nimelaani watu na kuhutubia sufuria, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto aliulizwa nini. Si mimi, si Mama, si Msomi na shahada zake. Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa yule niliyemtupa nje ya hesabu zangu akiwa darasa la saba. Nilimwona kwa mara ya kwanza, nikaona fahari ambayo sikuistahili.

Lingeishia hapo ningekuwa na hadithi nyepesi ya kuwasimulia wajukuu. Lakini makofi yalimpanda kichwani. Alinyoosha kidole kuelekea magharibi, akasema, "Wetu watapata kipande. Wale wengine wanaingiza ng'ombe zao huku Kipsing kutoka sijui wapi, hao ndio wageni, hao warudi kwao." Makofi yakaongezeka. Vijana wa mlangoni wakapiga miluzi.

Nilipiga meza kwa kiganja, vile nilivyokuwa nikifanya zamani, na makofi yakakatika.

"Umewauliza?" nikasema.

"Nani, Mwalimu?"

"Hao wa Kipsing. Umekwenda ukachuchumaa mbele ya mmoja wao ukamuuliza aliulizwa nini na akajibu nini?"

Alisimama hapo na mikono yake mikubwa ikining'inia. Mtu mzima, mwenye malori, na uso ulikuwa uleule wa kijana asiyeandika kazi ya nyumbani. Nilifikiri atanijibu vibaya, na kwa haki angeweza.

"Sijauliza," akasema. "Hiyo nimekosa. Nitaenda niwaulize, Mwalimu."

Mama mmoja wa vitunguu akasema kwa sauti, bila kuinuka, kwamba hata yeye alipohamia Burat na wanawe walimwita mgeni mpaka alipoanza kuwauzia mboga. Watu wakacheka tena, taratibu safari hii, na kikao kikaendelea na mambo ya maji na barabara.

Baada ya kikao Msomi alinifuata nje. Nilijiandaa kugombana. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya kampeni yake kifungu cha sheria kinachompa mwombaji haki ya kusikilizwa mara ya pili endapo jibu lake lilieleweka vibaya. "Kitaje hicho katika barua," akasema. "Watakisoma." Hakuna aliyekuwa akitutazama, hakukuwa na kura ya kuchuma pale. Akaingia gari lake na suti yake, akaenda.

Ile barua niliiandika mimi mwenyewe, mezani kwangu, chini ya ukuta wa vyeti. Ndani yake mlikuwa na swali la taniboi, kifungu cha msomi, na nukta na mikato yangu. Nilieleza neno mgeni lina maana ngapi, nikatoa mifano. Nadhani ndilo somo bora la Kiswahili nililowahi kulitoa, na mwanafunzi wangu alikuwa ni mwenye meza. Nilijivunia barua ile bila haya. Mama aliniomba nimsomee mara mbili.

Siku ya kusikilizwa tena tulikwenda watatu: msichana, mimi, na Mama kwa fimbo yake. Mwenyekiti wa meza alikuwa mzee mwenye miwani. Aliisoma barua mpaka mwisho, akairudia ukurasa wa kwanza, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Lakini kazi ni kazi. Alimuuliza msichana ukoo, akautaja hadi kwa babu wa babu. Alimuuliza kisima, akakitaja. Kisha mzee akavua miwani.

"Huyu babu askari. Yeye alikuwa mwenyeji?"

Lile lilelile. Sijui kama alilijua au aliuliza tu. Nilitaka kuingilia, nikafungua kinywa, na Mama akanigandamiza mguu kwa fimbo. Mpaka leo pale panauma kukiwa na baridi.

Msichana wetu hakunitazama safari hii.

"Babu alipewa kipande akakikataa," akasema. "Alitaka aandikwe mgeni, lakini akakaa hapa, akafia hapa, amezikwa hapa. Mimi nimekuja kuchukua chake pamoja na changu."

Mzee alivaa miwani yake. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasukuma kitabu, akamwonyesha pa kuweka kidole. Msichana alipoondoa kidole chenye wino alikigeuza akakitazama, na Mama akasema "Mashallah" kwa sauti iliyosikika mpaka foleni ya nje. Mimi nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba sikuweza kusema neno, na mnajua sasa kwamba hilo kwangu si jambo la kawaida.

Kitambulisho kilifika siku chache kabla ya siku ya chuo. Mama alikidai akishike. Alikigeuza huku na huku, hajui kusoma, akakilaza kwenye kiganja chake na kusema kimekuwa chepesi sana kwa shida iliyokileta. Kisha akaniambia, akiwa ameketi mkekani, "Sasa yule wa malori akija, atakaa wapi?" Nilijua anachouliza. Taniboi alikuja Ijumaa iliyofuata kutuletea salamu, na kiti chenye mto nilikisukuma kwake. Alikaa pembeni ya mto, akiogopa kuuchafua.

Alikuwa ameshafika Kipsing. Alinieleza aliyoyasikia huko kwa zaidi ya saa moja, mengine ya kumsikitisha na mengine ya kumkasirisha, na hakuwa tena na kidole cha kunyoosha haraka. Msomi naye alikuja juma lililofuata, akakuta kiti hicho hicho, akapewa chai hiyo hiyo. Sikumpanga yeyote kati yao wa kwanza wala wa pili. Watu wanaponiuliza sasa kama mgombea anahitaji shahada ili aamue mambo ya wageni na mipaka, ninawaambia waangalie kama anauliza kabla ya kujibu. Shahada ni nzuri, na lori si aibu, lakini hilo halifundishwi na chochote kati ya viwili hivyo.

Siku ya kura msichana, aliyekuwa amewahi kujiandikisha kabla daftari la wapiga kura halijafungwa, alirudi kutoka chuoni kwa basi la usiku ili apige kura yake ya kwanza. Tulipanga foleni katika darasa lile lile la Burat, mimi nyuma yake. Aliingia kwenye kibanda, akakaa humo kitambo, akatoka na kidole kimepakwa wino, safari hii wa zambarau.

Tulipofika barabarani sikuweza kujizuia. Nilimuuliza amempa nani, Msomi au Taniboi. Nilikuwa na haki ya kujua, nikaona. Nilimlea, nilimwandikia barua, niligandamizwa mguu kwa fimbo kwa ajili yake.

"Eedo," akasema, akifunga kitambulisho ndani ya mtandio wake, "kura ni siri. Si ni wewe ulitufunza?"

Ni mimi niliwafunza. Ilikuwa ubaoni, chini ya kichwa cha uraia. Tulitembea mpaka nyumbani, mimi nikimsemesha kwa kila njia niliyoijua, yeye akicheka tu, na hakuniambia.